Chandarua cha kitandani hakifai kwenye machela

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nisahihishe ushauri mmoja uliotolewa katika makala yenu ya hivi karibuni kuhusu mahali pa kupiga kambi wakati wa likizo. Mwandishi wenu aliandika vizuri juu ya Visiwa vya Ssese, Ziwa Bunyonyi na maporomoko ya Sipi, na alifanya jambo jema kuwakumbusha vijana kwamba si lazima mtu awe na hema la bei kubwa ndipo alale porini, kwa kuwa machela ya kitambaa iliyofungwa kati ya miti miwili inatosha. Niliyafurahia hayo yote mpaka nilipofika kwenye sentensi isemayo kwamba kuhusu mbu msafiri asihangaike. Achukue chandarua cha kitandani kwake, akitundike juu ya machela, na kazi imekwisha. Hapo nilivua miwani.

Kazi haishii hapo, na ninasema hivyo kwa sababu ushauri huo huo niliwahi kuufuata. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari wilayani Mukono, na karibu kila likizo hupeleka kikundi kidogo cha wanafunzi kulala katika Msitu wa Mabira, ule ambao barabara ya kutoka Kampala kwenda Jinja huupasua katikati. Safari ya kwanza nilikwenda na machela mpya pamoja na chandarua cha mviringo nilichokitoa juu ya kitanda changu. Nikakifunga kwenye tawi, nikakishusha hadi kwenye majani, nikajilaza ndani yake kama mwali. Nilipoamka, uso na mikono vilikuwa salama kabisa, lakini mgongo, kuanzia mabegani hadi kiunoni, ulikuwa umejaa vipele kama ganda la fenesi, na katika wiki ya pili baada ya kurudi nyumbani nikashikwa na malaria. Wanafunzi waliolala katika mahema hawakuwa na kipele hata kimoja, nao hawakuchoka kunikumbusha.

Niseme neno moja juu ya jina. Natumia neno machela kwa kitambaa cha kulalia kinachoning'inia kwa kamba mbili, ingawa wazee walilitumia zaidi kwa kile cha kubebea wagonjwa, kama ilivyo engozi kwa ndugu zetu wa Kigezi. Vijana wengi hupendelea jina la Kiingereza, hammock, ambalo likitamkwa Kiswahili hukaribia mno neno hamaki, na kwa kweli aliyeumwa na mbu usiku kucha huamka nayo.

Kosa la ushauri ule ni kusahau godoro. Chandarua cha kitandani hakina sehemu ya chini kwa sababu hakiihitaji: tunakipenyeza pindo lake chini ya godoro pande zote, na godoro lenyewe, ambalo hakuna anayelihesabu, ndilo linaloziba upande wa chini. Kwenye machela hakuna godoro. Kuna kitambaa kimoja chembamba kilichovutwa na uzito wa mwili mpaka nyuzi zake zikaachana kidogo, kikagandamana na ngozi ya mgongo, na chini yake ni hewa tupu. Mbu anayetafuta damu huongozwa na pumzi tunayoitoa, joto la mwili na harufu ya jasho. Akikuta pande za juu zimezibwa, atashuka, atapita chini ya pindo la chandarua linaloelea juu ya nyasi, atatua chini ya machela, na mdomo wake utapenya kitambaa hicho bila shida yoyote. Kwa hiyo aliyetundika chandarua cha kitandani juu ya machela amejiziba upande mmoja na kuwaachia mbu upande ule ambao yeye mwenyewe hawezi kuwaona wala kuwafukuza.

Wapo watakaosema kwamba kuning'inia juu ya ardhi ni kinga tosha, kwa kuwa mbu hukaa majanini. Nchi yetu ina historia inayokanusha wazo hilo. Mwaka 1947, watafiti wa homa ya manjano waliokuwa Entebbe, katika taasisi ambayo leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, waliwaweka kima ndani ya vizimba kwenye majukwaa juu ya miti ya Msitu wa Zika. Kima mmoja akashikwa na homa, na katika damu yake kikapatikana kirusi ambacho dunia nzima sasa inakijua kwa jina la msitu huo. Mwaka uliofuata kirusi hicho hicho kilipatikana katika mbu wa msituni humo, aina ya Aedes africanus. Kima yule hakuwa ameguswa na nyasi. Mbu walimfuata huko huko juu. Mwenye machela yake mita moja kutoka ardhini asitegemee heshima kubwa kuliko aliyopewa kima.

Jambo la pili linaniuma zaidi, nalo ni hilo la kukitoa chandarua kitandani. Vyandarua vinavyogawiwa bure na serikali yetu huhesabiwa kimoja kwa watu wawili. Kijana akiondoka nacho kwenda kambini siku tatu, mdogo wake anayelala naye kitanda kimoja anabaki wazi siku tatu, na mbu wa nyumbani hawaendi likizo. Wilayani Apac, kaskazini, watafiti waliwahi kukadiria kwamba mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 1,500 kwa mwaka. Sitaki kuwatisha watu wa Apac, ambao wanaijua hali yao kuliko mimi. Nataka tu mwandishi wenu aone kwamba usiku mmoja bila chandarua si usiku mdogo. Isitoshe, anayekifunga chandarua cha nyumbani kwenye matawi hukirudisha na matundu. Tumekwisha kulalamika sana juu ya vyandarua vinavyovulia mukene, yaani dagaa, ziwani. Tusianzishe njia nyingine ya kuviharibu.

Dawa ya yote mawili ni kushona chandarua cha machela chenyewe. Kilichotengenezwa ng'ambo kipo, ila bei yake inakaribia ya machela yenyewe au kuizidi, na hakuna kitu ndani yake ambacho fundi cherehani wa barazani hawezi kukifanya. Changu kilishonwa na mama mmoja wa hapa Mukono ambaye kazi yake ni sare za shule. Alipomaliza kukipima akakinyoosha chote sakafuni, akakitazama, akaniuliza: "Ssebo, hii ni soksi ya ndovu?" Sijapata maelezo bora kuliko hayo. Ni soksi ndefu iliyo wazi ncha zote mbili, machela ikapita ndani yake kama mguu, na kila ncha ikafungwa kwa kamba kuizunguka kamba ya machela.

Nianze na kitambaa, kwa kuwa ndipo wengi wanapopoteza fedha. Kwenye maduka ya Kiyembe, jijini Kampala, utaonyeshwa vitambaa vya wavu vya kila namna, na baadhi yake ni vya mapazia au vya shela za bibi harusi, ambavyo ni vizuri kwa macho lakini matundu yake ni makubwa na hufunguka zaidi vikivutwa. Nenda na rula. Iweke juu ya kitambaa, uhesabu matundu yaliyo katika sentimita moja kwa urefu, kisha kwa upana. Yakiwa matano kila upande, yaani 25 katika sentimita ya mraba, umekaribia kipimo cha vyandarua vingi vya kitandani, ambacho watengenezaji hukitaja kuwa matundu 156 katika inchi ya mraba, na mbu hapiti hapo. Chagua poliesta kuliko pamba, maana pamba hunyonya umande, hulegea na kuoza. Kama unakusudia kulala kando ya ziwa, kwenye mafunjo au karibu na shamba la migomba, tafuta wavu wenye matundu madogo zaidi, yasiyozidi nusu milimita hivi, kwa sababu ya visubi. Hao ni wadudu wadogo mno, wanapita kwenye chandarua cha kawaida kama mtu apitaye mlangoni, na huzaliana hata katika vigogo vya migomba vinavyooza, kwa hiyo katika nchi ya matooke hatuwakosi. Wavu wa namna hiyo huzuia upepo kiasi, nawe utaona joto. Mimi nautumia Ssese tu.

Juu ya rangi kuna ubishi. Wavu mweusi humwezesha aliye ndani kuona nje vizuri, na jioni huhisi kama hakuna kitu mbele ya macho yake. Mweupe humwezesha kumwona mbu aliyetua juu yake. Mimi nilichukua mweusi kwa ajili ya mandhari, kisha nikajifunza jambo ambalo lingefaa kuandikwa katika makala yenu: mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi kwa kuwa rangi hizo huwavuta. Mbung'o huuma mchana, hivyo wakati wa kulala si tatizo kubwa, lakini aendaye sehemu kama Murchison asitundike machela ya buluu saa nane mchana akadhani atapata usingizi.

Sasa vipimo. Machela yangu ina urefu wa mita 3. Wavu niliopata ulikuwa na upana wa mita 1.5, na mara ya kwanza niliunganisha vipande viwili tu, juu na chini, nikapata soksi yenye mzingo wa mita 3 kasoro kidogo. Ilinitosha nilipojaribu sebuleni nikiwa nimelala nimenyooka kama maiti. Msituni mtu halali hivyo. Anayejua machela hulala kwa mshazari, kichwa upande mmoja na miguu upande wa pili, ili mgongo unyooke, na alalapo hivyo viwiko na magoti husukuma kitambaa cha machela nje. Wavu ukagusana na viwiko, mbu wakatua kwa nje, wakanywa kupitia matundu yale yale niliyoyahesabu kwa rula. Wavu humzuia mbu asipite; haumzuii kuingiza mdomo. Usalama uko katika nafasi iliyopo kati ya wavu na ngozi, na kwa ajili hiyo mzingo wa chandarua unapaswa kuwa mita 3.5 hivi.

Ili kufikia kipimo hicho niliongeza kipande cha tatu, na hapa ndipo ninapotaka wasomaji wenu wanisikilize kwa makini, kwa sababu kipande hicho ndicho godoro nililolitaja. Upande wa chini hauhitaji kuwa wavu. Hakuna anayetazama mandhari kwa mgongo. Unahitaji kitambaa kilichofumwa kwa kubana, chenye upana wa sentimita 60, kinachoning'inia kwa ulegevu chini ya machela kwa umbali wa shubiri moja, ili hata mbu akitua juu yake mdomo wake usifike popote. Faida nyingine ni kwamba nyasi zenye miiba na vijiti huishia hapo badala ya kuupasua wavu, na simu au tochi ikidondoka kutoka mkononi inabaki ndani. Jaribio langu la kwanza lilikuwa turubai la plastiki, kwa akili ya kwamba kitu kisichopitisha maji ni bora zaidi. Mvua ya Mabira ikanyesha kwa upepo, ikaingia kwa pembeni, na kufikia alfajiri nilikuwa nimelala juu ya bwawa dogo ambalo mbu wangenishukuru kwalo. Fundi ndiye aliyenishauri nitumie kitambaa cha sare za shule, kile cha poliesta na pamba ambacho kila duka la Mukono linacho. Kimefumwa kwa kubana, hakigharimu sana, na maji yakiingia hupita polepole na kudondoka. Nilichagua rangi ya kaki, na sasa wanafunzi husema mwalimu analala ndani ya kaptula.

Kwa hiyo nunua vipande viwili vya wavu vyenye upana wa mita 1.5 na kimoja cha kitambaa cha sare chenye upana wa sentimita 60, vyote vitatu vikiwa na urefu wa mita 3.3. Nyavu mbili huunganishwa kwa mshono mmoja utakaokuwa juu, kwenye mgongo wa chandarua, na kitambaa cha sare huunganishwa na kila wavu upande wa chini. Juu ya mshono wa mgongo fundi ashone utepe imara wa pamba au nailoni kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwenye utepe huo aweke vitanzi vitano vya kufungia. Asishone vitanzi kwenye wavu mtupu, maana vitang'oka siku ya kwanza ya upepo. Katika kila ncha ya soksi kunjwe nefa ya sentimita 3, kama nefa ya suruali ya kulalia, na ndani yake ipitishwe kamba nyembamba isiyoteleza ovyo. Baada ya pindo zote, urefu utabaki mita 3.2 hivi na mzingo mita 3.5.

Wavu ni kitambaa kinachokimbia chini ya mguu wa cherehani, na fundi ambaye hajazoea ataupinda kama nyoka. Dawa yake ni kupiga bandi kwanza kwa mkono, kisha kuweka ukanda wa karatasi chini ya wavu, kushona juu ya vyote viwili, na kuichana karatasi baadaye. Kurasa za gazeti lenu zilitumika kwa kazi hiyo, Mhariri, na natumaini hamtaona vibaya; wavu ukiwa mweusi wino hauonekani. Uzi uwe wa poliesta, sindano iwe nyembamba, na kila mshono ukunjwe mara mbili ili ukingo uliokatwa ufichike ndani. Mshono wa mara moja huonekana safi dukani, lakini wavu huanza kuchomoka uzi mmoja mmoja, na baada ya safari tatu utakuwa na mwanya unaopitisha kidole.

Mlango ulinisumbua kuliko vyote. Nilianza bila zipu, kwa kuacha sehemu ya mshono wazi na kuipandanisha wavu juu ya wavu kama foronya, na mbu wakaupata mwanya huo kabla yangu. Kisha nikaweka zipu katikati ya wavu, ikararua pande zote mbili kwa sababu wavu hauna nguvu ya kubeba mvuto wa zipu. Mahali panapofaa ni kwenye mshono wa chini, pale wavu unapokutana na kitambaa cha sare, upande ule unaopenda kuingilia, zipu ikiwa na urefu wa mita 1.2 na kushikiliwa na kitambaa cha sare upande mmoja na utepe upande wa pili. Ukifika, unaifungua, unauinua wavu, unakaa katikati ya machela kama mtu akaaye kwenye kiti, unaingiza miguu, kisha unapitisha mkono juu ya ukingo wa machela na kuifunga. Funga kijikamba kwenye kidole cha zipu, kwa ndani na kwa nje, la sivyo utaipapasa gizani huku mlango ukiwa wazi. Zipu ndefu zinazouzwa kwa mita zipo mjini, na sokoni Owino hupatikana hata zilizong'olewa kwenye mahema mabovu.

Kutundika hakuna ugumu mkubwa. Kutoka ncha moja ya machela hadi nyingine funga kamba nyembamba yenye urefu wa sehemu tano kwa sita za urefu wa machela, yaani mita 2.5 kwa machela ya mita 3. Kamba hiyo ndiyo huamua machela ilegee kiasi gani, nayo ndiyo hubeba vitanzi vya chandarua. Kwa kuwa chandarua ni kirefu kuliko kamba hiyo, kitajikunja kidogo juu, na ndivyo inavyotakiwa, maana sehemu ya chini inapaswa kufuata mbinuko wa machela. Mikanda ya kwenye miti ipande kwa pembe ya nyuzi 30 hivi. Wapo wanaoikaza mpaka inyooke, wakidhani ndiyo watalala sawasawa, lakini katika pembe ya nyuzi 10 kila mkanda hubeba karibu mara tatu ya uzito wa mlalaji, na hapo ndipo kamba hukatika. Kisha kaza nefa za ncha zote mbili kuzunguka kamba za machela, uzungushe mara mbili na kufunga. Pembeni, usawa wa viwiko, nilishona kitanzi kimoja kila upande, nikakifunga kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli hadi kwenye kichaka, nao huuvuta wavu mbali na mwili bila kuuchana ninapojigeuza.

Kuhusu dawa nitasema machache. Kuloweka chandarua katika dawa ya pemethrini husaidia pale kiwiko kinapogusa wavu, ila mbu wengi wa Uganda wamekwisha kuwa sugu kwa dawa za jamii hiyo, kwa hiyo isichukue nafasi ya ile shubiri ya hewa. Na chandarua chenye dawa kisifuliwe ziwani wala mtoni, kwa kuwa dawa hiyo huua samaki na wadudu wa majini. Kifuliwe kwenye beseni, na maji yamwagwe mbali na kisima.

Wasomaji wa Entebbe na visiwani wataniuliza juu ya sami. Wadudu hao hawaumi, lakini wakitoka ziwani kama moshi na kuona tochi ndani ya chandarua, hukifunika chote. Zima tochi, watakwenda kwa jirani. Siafu ni habari nyingine, kwa kuwa wao hupanda mti na kufuata kamba. Nefa iliyokazwa vizuri huwachelewesha tu, kwa hiyo kagua ardhi na shina kabla ya kufunga chochote, na ukiona njia yao, hama.

Gharama yangu yote, yaani wavu, kitambaa cha sare, zipu, utepe, kamba na ujira wa fundi, haikufika shilingi 90,000, bila kuhesabu turubai nililolitupa na zipu ya kwanza. Kinapokunjwa kinaingia katika mfuko wa sukari wa kilo mbili. Nimelala ndani yake Mabira, Ssese na kandokando ya Mto Nile, na mgongo wangu haujawa fenesi tena.

Naomba basi, Mhariri, kabla likizo haijaanza na vijana hawajaanza kung'oa vyandarua vya nyumbani, muandike kwamba chandarua cha kitandani kibaki kitandani, na anayetaka kulala kwenye machela ashone cha machela, chenye upande wa chini. Vipimo nilivyovitaja ni vya machela ya mita 3. Mwenye machela ndefu zaidi aongeze urefu wa vipande vyote vitatu kwa tofauti hiyo hiyo, na mzingo auache ulivyo, isipokuwa awe mtu wa mwili mkubwa kuliko wangu, ambapo atakipanua kipande cha chini kutoka sentimita 60 hadi 80.

Wenu mwaminifu,
Mwalimu na msomaji wa Mukono